Hukumu Bila Kipimo

Kuna makosa ambayo ulimwengu huyaadhibu upesi, na kuna makosa ambayo ulimwengu huyasifu. Mtu akihukumu bila kuchunguza, na hukumu yake ikaharibika, watu humcheka na kumwita mpumbavu. Lakini mtu huyo huyo akihukumu bila kuchunguza, na mambo yakanyoka, watu humpa mkono na kumwita hodari. Je, msomaji, huyu wa pili amemzidi wa kwanza kwa jambo gani? Wote wawili hawakujua. Wote wawili hawakupima. Tofauti iliyo kati yao ni bahati tu, na bahati si tabia ya mtu wala si elimu yake. Swali ninalotaka tulitazame pamoja ni hili: hukumu iliyotolewa bila kipimo, kisha ikapatia, ni haki au si haki?

Swali la namna hii huweza kujadiliwa kwa mifano ya makadhi na wafalme. Lakini haki haikai mahakamani peke yake. Hukaa pia sokoni, shambani, na chini ya mwembe ambapo fundi hutandika gunia lake na kupanga spana zake. Kwa hiyo nitachukua mfano mdogo, ambao kila aliyewahi kusafiri katika nchi yetu ameuona au atauona: motokaa kuukuu ya dizeli iliyokataa kuwaka, na stata inayoshtakiwa kwa kosa hilo.

Kwanza yatupasa kumjua mshtakiwa. Injini ya petroli huwashwa kwa cheche ya umeme. Injini ya dizeli haina cheche. Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani ambaye injini yake ilifaulu majaribio mjini Augsburg mwaka 1897, alitumia njia nyingine: hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ikawa moto sana, ndipo mafuta hunyunyizwa na kuwaka yenyewe kwa joto hilo. Katika motokaa nyingi za zamani za dizeli, hewa hubanwa mpaka ikabaki karibu sehemu 1 ya 20 ya nafasi yake ya kwanza. Hiyo ni kazi nzito, nayo haiwezi kufanywa na injini iliyolala. Lazima pawe na mwingine wa kuizungusha mpaka iamke. Mwingine huyo ndiye stata.

Stata ni mota ya umeme iliyofungwa ubavuni mwa injini, aghalabu chini, mahali pa tope na mafuta. Dereva azungushapo ufunguo, umeme mdogo hupita katika waya mwembamba na kuamsha solenoidi, yaani kifaa cha sumaku kilichopanda mgongoni mwa stata. Solenoidi hufanya kazi mbili kwa pamoja. Husukuma kigurudumu chenye meno kikaume gurudumu kubwa la injini, na huunganisha vipande viwili vya shaba ili umeme mkubwa upite kutoka katika betri. Stata huzunguka kwa nguvu, injini huamka, na kigurudumu hurudi mahali pake. Kazi yote huchukua sekunde chache. Baada ya hapo motokaa hutembea siku nzima, wala hapana mtu anayeikumbuka stata mpaka siku itakapokataa.

Sasa na tuweke mashtaka mbele yetu. Mzee mmoja ana Toyota Hilux ya dizeli ya miaka ya 1980, ambayo huibebea mboga kwenda sokoni. Asubuhi moja azungusha ufunguo, asikia mlio mmoja tu, ta! kisha kimya. Taa za mbele zawaka vizuri. Fundi aitwa, aja, asikiliza mlio ule mara moja, kisha atangaza: "Mzee, stata imekufa. Nunua nyingine." Mzee atoa fedha alizoziweka kwa karo ya mjukuu wake. Stata ya zamani yafunguliwa, nyingine yafungwa. Ufunguo wazungushwa, na motokaa yanguruma. Mzee afurahi, fundi apokea ujira wake, na majirani wasema, "Huyu ni fundi kweli kweli, alisikia mlio mmoja tu akajua!"

Je, alijua?

Tazama kwa makini mambo aliyoyafanya. Ili kuifungua stata ilimpasa auondoe kwanza waya wa betri. Ilimpasa pia aufungue waya mnene unaokwenda kwenye stata, na bolti zinazoishika stata katika injini. Alipofunga stata mpya alikwangua kutu, akafuta mafuta, akakaza kila mahali kwa nguvu. Kwa hiyo fundi huyu hakubadilisha kitu kimoja. Alibadilisha vitu vingi kwa mkono mmoja. Alibadilisha stata, na pia alisafisha maungio yote ambayo umeme hupita. Motokaa ilipowaka, ni kwa sababu gani? Huenda stata ya zamani ilikuwa imekufa kweli. Huenda pia ilikuwa nzima, na kosa lilikuwa unga mweupe uliojijenga penye betri, au kutu iliyojificha chini ya bolti moja. Katika hali zote mbili motokaa ingewaka vile vile. Basi kuwaka kwake hakuwezi kutuambia ni ipi kati ya hizo mbili iliyo kweli. Shahidi anayesema maneno yale yale kwa upande wa mshtaki na kwa upande wa mshtakiwa si shahidi.

Pengine utauliza, "Lakini taa ziliwaka vizuri. Je, hiyo si dalili kwamba betri na nyaya zilikuwa nzima?" Swali hilo ni zuri, na jibu lake limo katika kanuni aliyoichapisha Georg Simon Ohm mwaka 1827, ambayo wanafunzi wa fizikia huijua: volti zinazopotea njiani ni sawa na ampea zinazopita zikizidishwa kwa ukinzani wa njia. Taa moja ya mbele yenye wati 60 katika betri ya volti 12 huhitaji ampea 5 tu. Stata ya dizeli huweza kuhitaji ampea 200 na zaidi. Sasa chukua kutu ndogo yenye ukinzani wa sehemu 1 ya 100 ya omu. Taa ikipitisha ampea 5 katika kutu hiyo hupoteza volti 0.05, kiasi ambacho jicho haliwezi kukitambua. Stata ikivuta ampea 200 katika kutu hiyo hiyo hupoteza volti 2 nzima, na kwa hasara hiyo huweza kuvunjika nguvu. Kutu ni ile ile. Mzigo ndio uliotofautiana. Anayesema waya ni mzima kwa sababu taa yawaka ni kama anayesema daraja ni imara kwa sababu kuku amevuka.

Basi fundi mwenye haki hufanyaje? Hupima. Huanza na betri, kwa kuwa ndiyo mama wa umeme wote. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imepumzika, husoma karibu volti 12.6, ikisoma 12 tu, imekaribia kuishiwa. Kisha humwomba mtu azungushe ufunguo, naye atazama mita. Volti zikianguka chini ya 9 na nusu hivi, betri yenyewe yastahili kushukiwa kabla ya stata. Zikisimama imara, huhama na kupima njia: kutoka ncha ya betri mpaka ncha ya stata, na kutoka mwili wa stata kurudi katika ncha hasi ya betri. Akipata zaidi ya nusu ya volti inapotea katika mojawapo ya njia hizo wakati stata inapojaribu kuzunguka, amemwona mwizi. Hutazama tena kama umeme wa ufunguo unaifikia solenoidi. Ikiwa umeme wote umefika mlangoni mwa stata, na stata yenyewe haigeuki, ndipo husema, "Kosa limo humu ndani." Hapo hatamki tena kwa kubahatisha. Ametoa hukumu.

Husikiliza pia, lakini husikiliza kama mtu anayetafuta, si kama mtu aliyekwisha pata. Milio mingi ya haraka, ta-ta-ta-ta, aghalabu ni ya betri dhaifu au maungio mabovu. Injini inayozunguka vizuri bila kuwaka haimhusu stata hata kidogo. Huenda ni mafuta, huenda ni plagi za joto zilizoungua. Mlio mmoja na kimya huweza kuwa na sababu zaidi ya moja. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Walisema kweli, lakini hawakusema kwamba kila wingu ni mvua.

Tena, hata ikionekana kwamba kosa limo ndani ya stata, kazi ya haki haijaisha. Watu husema samaki mmoja akioza wote wameoza. Methali hiyo yafaa kwa samaki, lakini haifai kwa kila kitu. Ndani ya solenoidi za motokaa nyingi za Toyota za zamani, vile vipande viwili vya shaba huliwa kidogo kidogo na cheche kila motokaa inapowashwa, mpaka siku moja visigusane tena. Mlio husikika, lakini umeme haupiti. Mota ni nzima, meno ni mazima, ila shaba ndogo mbili zimechakaa, nazo huweza kubadilishwa peke yake. Vivyo hivyo kaboni zinazopeleka umeme katika mota huisha na kubadilishwa. Kuitupa stata nzima kwa ajili ya kosa la shaba mbili ni kama kuifunga shule kwa sababu kengele imepasuka.

Najua jibu ambalo fundi wa haraka atalitoa. Atasema: "Mwalimu, maneno yako ni matamu, lakini motokaa imewaka. Mzee amefika sokoni. Wataka nini tena?" Hili ndilo jibu linalotawala ulimwengu, nasi tusilidharau. Na tulipime.

Hasara ya kwanza ni ya mzee. Ikiwa kosa lilikuwa kutu, amelipa bei ya chuma kwa kazi ya brashi. Hakuibiwa kwa mkono, lakini fedha zake zimekwenda mahali ambapo hazikuhitajika, na aliyezipeleka huko ni mtu aliyeaminiwa kwa sababu ana elimu ambayo mzee hana. Kadiri elimu ya mmoja inavyozidi ujinga wa mwingine, ndivyo wajibu wake unavyozidi. Asiyejua huweza kusamehewa kwa kukosa kupima; anayejua kupima asipime, hana udhuru huo.

Hasara ya pili ni ya wakati ujao. Ikiwa kosa lilikuwa waya uliooza ndani ya ngozi yake, nao ukatikiswa tu na kukaa vizuri kwa siku chache, basi ugonjwa bado upo. Utarudi, labda usiku, labda mvuani, mbali na nyumba za watu. Na ukirudi, nani atakayeshukiwa? Stata mpya. Ndivyo hukumu moja isiyo na kipimo inavyozaa hukumu nyingine.

Hasara ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote, nayo ni ya fundi mwenyewe. Siku ile alijifunza jambo la uongo, na mafanikio yakaupiga uongo huo muhuri. Kesho akisikia mlio ule ule hatakuwa na shaka hata kidogo. Atamfundisha kijana anayemshikia spana: "Ukisikia hivi, ni stata." Kijana atamfundisha mwingine. Mtu aliyekosea na akashindwa huweza kujirudi, maana kushindwa ni mwalimu mkali. Lakini mtu aliyekosea na akafaulu, atajirudi kwa sababu gani?

Hata hivyo, haki haitaki tuwe wakaidi. Kuna wakati wa dharura. Ikiwa motokaa imezimika njiani na ndani yake mna mgonjwa anayepelekwa hospitali, hapana mtu mwenye akili atakayemwambia fundi aende polepole akitafuta mita. Madereva wengi wajua kwamba stata iliyogoma huweza kuamka ikigongwa kidogo kwa kipande cha mti, kwa kuwa kaboni iliyokwama ndani hushtuka na kugusa tena. Agonge, na safari iendelee. Dharura hutupa ruhusa ya kutenda kabla ya kujua. Haitupi ruhusa ya kusema tunajua. Mwenye haki atasema, "Nimegonga imewaka, sababu bado, tukirudi tutapima."

Na tusimtwike fundi lawama yote. Sisi wenye motokaa twachangia dhambi hii. Fundi akisema atapima kwa saa moja kabla ya kufungua chochote, twamwona mvivu au mjinga. Fundi akitaja kosa papo hapo, twamwona bingwa. Tuko tayari kulipa chuma tunachoweza kukishika, lakini twanung'unika kulipa fikira tusiyoweza kuiona. Watu wakikataa kununua uchunguzi, wasishangae wakiuziwa makisio.

Ikiwa kipimo kimesema kwamba stata yenyewe lazima ibadilishwe, basi kazi nayo ifanywe kwa adabu ile ile. Magurudumu yawekewe mawe, na waya wa ncha hasi ya betri uondolewe kwanza, maana waya mnene wa stata una umeme wakati wote, na spana ikigusa huo na mwili wa motokaa kwa pamoja, huwa moto na cheche. Stata mpya ilinganishwe na ya zamani kabla ya kufungwa: volti zake, hesabu ya meno yake, matundu ya bolti zake. Meno ya gurudumu kubwa la injini yatazamwe pia, yasije yakaharibu kigurudumu kipya. Mahali stata inapokaa pasafishwe, kwa kuwa umeme hurudi kwa njia hiyo. Waya hasi wa betri urudishwe mwisho. Na kazi ikiisha, stata ya zamani apewe mwenyewe mkononi, aonyeshwe palipoharibika. Fundi anayekuonyesha sababu anakufanya shahidi wa kazi yake. Anayekutaka uamini tu anakufanya mateka wake.

Msomaji, pengine huna motokaa, wala hutakuwa fundi. Lakini hukumu hutolewa kila siku mahali unapoishi. Fedha zimepotea bwenini. Yuko mvulana mmoja ambaye mwaka jana alikamatwa na kitabu kisicho chake. Wote wamtazama yeye. Afukuzwa, na wizi wakoma. Wenzake wasema, "Mnaona? Ni yeye!" Lakini je, kukoma kwa wizi kumethibitisha nini? Mwizi wa kweli, akiona mwenzake amefukuzwa, huweza kuogopa na kuacha. Hapo wizi umekoma sawasawa na vile ambavyo ungekoma kama aliyefukuzwa angekuwa ndiye. Mvulana yule ni kama stata ya mzee: amefunguliwa mahali pake na kutupwa, na kimya kilichofuata kimehesabiwa kuwa ushahidi. Tofauti ni kwamba stata ikitupwa bila kosa hailii.

Waganga nao wamepita katika njia hii. Kwa miaka mingi katika nchi zetu homa ilihesabiwa kuwa malaria, na mgonjwa alipewa dawa ya malaria bila kupimwa damu. Wengi walipona, na kupona kwao kukahesabiwa kuwa ushahidi, ingawa homa nyingi huondoka zenyewe. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Haikuwa kwamba waganga wa zamani hawakupatia kamwe. Walipatia mara nyingi. Lakini hawakuweza kujua ni lini wamepatia na ni lini wamekosa, na mtu asiyeweza kutenga kupatia kwake na kukosa kwake hawezi kusemwa kwamba anajua.

Hapo ndipo jibu la swali letu lilipo. Hukumu bila kipimo si haki, hata ikipatia. Haki haimo katika mwisho wa jambo peke yake. Imo pia katika njia iliyotufikisha mwisho huo. Aliyepima akakosa amemheshimu mshtakiwa wake, kwa kuwa alimpa nafasi ya kuonekana hana hatia. Aliyebahatisha akapatia hakumpa nafasi hiyo. Na kama mshtakiwa angekuwa mwema, angeadhibiwa vile vile.

Basi ukiwa fundi, mwalimu, hakimu, mganga au mzazi, usiuulize moyo wako swali moja tu, "Je, imewaka?" Uulize na la pili, ambalo watu wachache hujiuliza wanaposhangiliwa: "Kama ningekuwa nimekosa, ningejuaje?" Ukiwa na jibu la swali hilo, toa hukumu yako bila hofu. Ukikosa jibu, weka spana chini kwanza, uchukue mita.